Kipimo cha damu kikirudishwa kiwandani: yasemwayo barazani Lamu na ukweli wake

Habari ikitoka redioni kwamba kipimo fulani cha damu kimeondolewa sokoni, haichukui muda ikafika kwenye baraza za Mkomani ikiwa imekwisha kugeuka: majibu yote ya maabara ni ya uongo. Dhana hii ina madhara kuliko zote, kwa kuwa mgonjwa aliyechoshwa na vidonge huifanya kisingizio cha kuacha dawa. Aghalabu kinachorudishwa ni bechi, yaani vipimo vilivyotengenezwa kwa mkupuo mmoja na kupewa nambari moja, nayo huchapishwa kwenye boksi karibu na tarehe ya kuisha muda. Boksi la jirani yake rafuni, lenye nambari nyingine, huenda likawa halina dosari yoyote. Mara nyingine hata hakikusanywi kitu. Mtengenezaji hurekebisha maelekezo, au programu ya mashine ikiwa papo hapo maabara.

Wengi pia huamini kwamba kipimo kibovu ni kile kinachomzulia mtu maradhi asiyokuwa nayo. Kipo cha namna hiyo, lakini kinachomtuliza mgonjwa kinanitia hofu zaidi, kwa sababu aliyeambiwa hana neno harudi. Mwezi wa Mei 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kuwa vipimo vya LeadCare vya kampuni ya Magellan Diagnostics, vinavyopima madini ya risasi katika damu, viliweza kutoa kiwango cha chini kuliko kilichomo iwapo damu imetolewa mshipani. Damu ya kutoboa kidole haikuhusishwa na onyo hilo. Ikashauriwa kwamba watoto wa chini ya miaka 6, ambao damu yao ya mshipani ilionyesha chini ya mikrogramu 10 kwa desilita, wapimwe upya. Mwaka 2021 vipimo vya kampuni hiyo vilirudishwa tena, na mwaka 2024 ikakubali kukiri makosa ya jinai na kulipa dola milioni 42. Waendesha mashtaka walisema ilijua kasoro ya mojawapo ya mashine zake tangu 2013. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa sana ubaya wa risasi. Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri wakazi, ni Pwani hii hii.

Kuna wasemao kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Desemba 2011 Kenya yenyewe iliondoa kipimo cha virusi vya Ukimwi cha Bioline, baada ya Shirika la Afya Duniani kukitoa katika orodha yake ya vipimo vinavyokubalika. Hata hivyo, haikuwa sawa kwa aliyekuwa akitumia dawa kuziacha kwa habari hiyo. La kufanya ni kurudia kipimo. Tangu 2019 shirika hilo hupendekeza vipimo 3 mfululizo vionyeshe dalili ya virusi ndipo mtu aambiwe ana virusi, ili kasoro ya kipimo kimoja isimwamulie mtu maisha.

Kipimo kilichoharibika njiani ni jambo jingine. Vipimo vingi vya haraka huandikwa vihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30, na katoni iliyoachwa juani gatini Mokowe ikingoja mashua inaweza kuharibika bila kiwanda kuwa na kosa lolote.

Wala asikae mtu akingoja kiwanda kimpigie simu. Mtengenezaji huiandikia maabara au muuzaji wake. Kisha mtaalamu hufungua daftari, akashuka na kidole kwenye safu ya nambari za bechi mpaka aikute iliyotajwa, na mbele yake majina ya waliopimwa siku ile. Mahali ambapo safu hiyo imeachwa tupu, majina hayo hayapatikani.