The Witness: mwalimu asiyefungua mdomo

Kibao cha kwanza katika gemu ya chemshabongo ya The Witness hakina hata kona moja. Umesimama kwenye njia ya giza, mbele yako kuna mlango, na mlangoni pana kibao kinachong'aa chenye duara upande mmoja na njia nyoofu inayoishia upande wa pili. Unabofya duara, unavuta mstari mpaka mwisho wa njia, mlango unafunguka. Mlango wa pili una kibao kama hicho, ila njia yake inapinda. Basi. Umeshajifunza karibu kila kitu ambacho mkono wako utafanya hadi mwisho wa gemu, na hakuna kanuni yoyote uliyoelezwa kwa maneno.

Mimi hutunga chemshabongo za programu za simu zinazofundisha hesabu, na swali linalonisumbua kazini ni lile lile siku zote: nimweleze mwanafunzi kanuni, au nimwache aigundue? Akielezwa, huikariri halafu huisahau. Akiachiwa, anaweza kukwama, akakata tamaa, akafuta programu. Kwa sababu hiyo nimeanza kuicheza The Witness kwa jicho la fundi, na haya ni maoni yangu ya mwanzo, kabla sijaimaliza. Kinachonivutia zaidi ya vyote ni namna inavyoyapanga makosa ya mchezaji. Inajua utakosea wapi, na imekuwekea kibao palepale.

Kwa asiyeifahamu: ni kazi ya Jonathan Blow, Mmarekani ambaye gemu yake ya Braid ya mwaka 2008 ilikuwa miongoni mwa zile zilizothibitisha kwamba watu wachache, bila kampuni kubwa nyuma yao, wanaweza kutengeneza kitu kikauzika dunia nzima. Fedha za Braid alizitia kwenye hii. Yeye na kampuni yake ndogo, Thekla, waliifanyia kazi kwa miaka mingi, wakaandika hata injini yao wenyewe (programu inayoiendesha gemu), na ikatoka tarehe 26 Januari 2016 kwa kompyuta na PlayStation 4. Ndani yake mna kisiwa kimoja na chemshabongo zaidi ya 650. Unakiona kisiwa kwa macho ya mhusika mwenyewe, kama katika gemu za kupigana risasi, lakini hapa hakuna bunduki, hakuna adui, wala mtu wa kuongea naye.

Ukishatoka kwenye ua wa mwanzo wenye ukuta, unakuta safu mbili za vibao. Safu moja ina vidoti vyeusi vilivyokaa juu ya njia zenyewe. Nyingine ina miraba myeusi na myeupe iliyokaa ndani ya vyumba vya gridi, yaani mistari inayokatizana kama ya daftari la hesabu. Vidoti havisumbui, baada ya vibao vichache unaelewa kwamba mstari lazima uvipitie vyote. Miraba ndiyo somo lenyewe.

Kibao cha mwanzo cha miraba ni kidogo kiasi kwamba unakipata hata bila kuelewa. Mstari unapita katikati ya mweusi na mweupe, kibao kinakubali. Hapo hapo kichwani unajijengea dhana. Pengine unadhani mstari unatakiwa kuugusa kila mraba. Pengine unadhani myeusi ibaki kushoto na myeupe kulia. Zote mbili zinaweza kufaa kwa muda, na mtunzi analijua hilo, kwa hiyo vibao vinavyofuata vimekusudiwa kuziangusha dhana hizo moja baada ya nyingine. Ukikosea, miraba iliyovunja kanuni inawaka nyekundu. Unaonyeshwa kosa liko wapi, huambiwi kwa nini ni kosa. Sababu utaitafuta mwenyewe.

Kanuni yenyewe, kwa anayetaka kuijua (na anayetaka kuigundua aruke aya hii), ni kwamba mstari unafanya kazi ya ukuta. Unakigawa kibao katika maeneo, na eneo moja haliruhusiwi kuwa na rangi mbili. Hapa ndipo ile dhana ya kushoto na kulia inapokufa kifo kizuri. Mstari unaoanzia ukingoni na kuishia ukingoni unagawa kibao sehemu mbili, sawa. Lakini ukiugusa ukingo katikati ya safari, upande wa kushoto wenyewe unakatika vipande, na sasa kushoto kunaweza kuwa na eneo jeusi hapa na eneo jeupe pale. Hiyo ni hoja ya topolojia, tawi la hisabati ambalo wengi hukutana nalo chuo kikuu kama hukutana nalo kabisa, na hapa mtoto wa darasa la sita anaweza kuifikia kwa kuvuta mstari tu. Nimetafuta sana njia ya kulifundisha wazo hilo kwenye simu. Sijawahi kuona lilipofundishwa vizuri zaidi ya hapa.

Kuna mtu atasema: si ubahatishe tu? Tuhesabu. Chukua gridi ya vyumba 2 kwa 2, anza kona moja, malizia kona ya mkabala, ukifuata mistari ya gridi bila kupita mahali pamoja mara mbili. Njia zinazowezekana ni 12. Kwa gridi ya 3 kwa 3 ni 184. Kwa 4 kwa 4 zinafika 8,512, na kwa 5 kwa 5 ni 1,262,816. Kibao ni kile kile kwa macho, kimeongezeka safu moja tu, na kubahatisha kumeshakuwa kazi ya maisha. Mtunzi wa chemshabongo anayeijua hesabu hii hahitaji kuweka saa wala kumpunguzia mchezaji alama. Gridi yenyewe inamlazimisha afikiri.

Kwa vibao vidogo, ambavyo mtu mwenye subira angeweza kuvijaribu kwa zamu, gemu ina dawa nyingine. Katika baadhi ya maeneo ukikosea kibao kinazimika, na hakiwaki tena mpaka urudi kwenye kile kilichotangulia ukitatue upya. Mara ya kwanza nilikereka. Kisha nikaona faida zake ni mbili kwa pamoja. Kurudi huko ni kwa sekunde chache, lakini zinatosha kumchosha anayebahatisha bila kumwadhibu anayefikiri. Na kile kibao cha nyuma kina mfano sahihi wa kanuni unayoitafuta, kwa hiyo kila unapokosea unalazimika kuutazama tena mfano huo. Programu nyingi za kujifunzia humpa mwanafunzi nafasi ya kujaribu tena papo hapo, naye anagusa jibu moja baada ya jingine mpaka rangi ya kijani itokee. Amepata alama, hajapata kitu.

Baada ya hapo nikafika kwenye miti ya matufaha, na hapo gemu ikabadilika kabisa.

Mbele ya kila mti kuna kibao. Hakina miraba wala vidoti. Kina njia inayogawanyika matawi kama mti, na kila tawi lina mwisho wake. Lipi ni jibu? Hakuna alama ya kulichagua. Ukikikazia kibao macho hutapata kitu, kwa sababu jibu haliko hapo. Inua macho uutazame mti wenyewe: tufaha linaning'inia kwenye tawi mojawapo. Fuata njia inayolingana na tawi hilo. Mti unaofuata unadai zaidi kidogo, maana ukiutazama kutoka upande usiofaa, kushoto kunageuka kulia.

Nilikuwa nikijiuliza kwa nini chemshabongo za mistari ziwekwe ndani ya kisiwa cha kutembea wakati zingetosha kwenye kijitabu. Miti ile ilinijibu. Hapa mahali unaposimama ni sehemu ya swali. Kwenye eneo la jangwa kuna vibao vinavyoonekana havina kitu, mpaka usimame pembe ambayo mwanga wa jua unaakisiwa juu yake na kuonyesha alama ya njia ya kufuata. Ukisogea hatua moja inapotea. Kitu kama hicho hakiwezi kuchapwa kwenye karatasi. Kuna jambo jingine linalohusu kutazama ambalo sitaligusa hapa hata kidogo. Atakayelikuta atanishukuru kwa kunyamaza.

Nimefikiria sana kuhusu kukwama, kwa kuwa ndiko kunakoua gemu za aina hii. Kwetu anayetega kitendawili anakuachia njia ya kutokea: ukishindwa unampa mji, naye anafumbua. Pia anafumba kitu unachokijua tayari. Nyumba isiyo na mlango ni yai, na yai umeliona tangu utotoni. The Witness haina wa kupewa mji, na kitu kinachofumbwa hujawahi kukiona popote, kwa hiyo inabidi ikikujengee kwanza ndipo ikuulize. Msaada wake ni uwazi wa kisiwa. Mapema kabisa utapita kwenye milango yenye alama usizozifahamu. Hakuna ufunguo wa kutafuta wala pointi za kukusanya. Unaondoka, unajifunza alama hizo kwenye pembe nyingine ya kisiwa, unarudi, unafungua. Ukigota sehemu moja una kumi nyingine za kwenda. Mimi niliacha mlango mmoja nikiwa nimekasirika, na nilipourudia baada ya kuzunguka upande wa pili nilishangaa kwamba niliwahi kuuona mgumu.

Kisiwa chenyewe ni kizuri, na uzuri wake una kazi. Blow aliwaajiri wasanifu majengo wa Fourm Design Studio na wabunifu wa mandhari wa Fletcher Studio, na inaonekana. Majengo yamesimama mahali ambapo jengo lingesimama kweli, njia zinaelekea mahali ambapo mguu ungetaka kwenda. Rangi ni chache na zimetulia. Hakuna takataka za kujaza nafasi, kwa hiyo ukiona kitu kimekaa namna ya peke yake unajua kina maana. Hakuna muziki wa nyuma pia. Unasikia nyayo zako, maji, upepo. Baada ya muda masikio yanakuwa makini kama macho, na nadhani hilo limekusudiwa.

Sio yote yaliyonipendeza. Hapa na pale kuna vinasa sauti vidogo ambavyo ukivibofya husoma maneno ya wanasayansi na wanafalsafa, kwa Kiingereza, taratibu mno. Mpaka sasa sijaona vinavyosaidia. Gemu inayojiamini kiasi cha kutosema kitu haikuvihitaji. Tatizo zito zaidi ni kwamba kuna eneo linalotegemea kutofautisha rangi na jingine linalotegemea kusikia. Asiyeona rangi vizuri au asiyesikia atakwama hapo bila kosa lake. Afadhali kila eneo ukilimaliza unawasha leza, yaani mwali wa mwanga, na mlima wa mwisho unafunguka kwa leza 7 kati ya 11 zilizopo, kwa hiyo maeneo hayo yanaweza kuachwa. Ingekuwa bora zaidi kama yangekuwa na njia mbadala.

Na kizunguzungu. Ukitazama kwa macho ya mhusika, macho yanauambia ubongo unatembea huku sikio la ndani likisema umekaa, na baadhi ya watu hupata kichefuchefu. Kaa mbali kidogo na skrini, washa taa chumbani, na ukianza kujisikia vibaya acha hapo hapo. Usivumilie, hali huzidi.

Kwa anayetaka kuijaribu: kwenye kompyuta inachukua takriban GB 5, na ukishaipakua haihitaji intaneti, kwa hiyo bando lako litaliwa mara moja tu. Tangu Septemba 2017 ipo pia kwa iPhone na iPad, ambako kuvuta mstari kwa kidole kunafaa sana. Ilitoka kwa bei ya takriban dola 40, ambayo ni nzito, lakini Steam, duka la gemu la mtandaoni, huipunguza wakati wa mauzo ya punguzo, isubiri. Kwa kuwa vibao havina maneno, asiyejua Kiingereza anaanza sawa kabisa na anayekijua. Gemu ngapi za chemshabongo zinaweza kusema hivyo? Weka daftari na kalamu karibu, na usitafute majibu mtandaoni, kwa sababu kanuni ikishatajwa hakuna kilichobaki cha kucheza.

Kwa sasa niko kwenye kinamasi, penye vibao vyenye maumbo ya manjano kama yale ya gemu ya zamani ya matofali yanayoanguka. Umbo likiwa peke yake nimelielewa: mstari unatakiwa kuzungushia eneo lenye sura ile ile. Kilichonishika ni pale maumbo mawili yanapokuwa kwenye kibao kimoja na nafasi haitoshi kuyazungushia kila moja kivyake. Dhana yangu ni kwamba yakiwa ndani ya eneo moja huhesabiwa kama yameunganishwa, na haijalishi kila umbo limechorwa kwenye chumba kipi. Vibao viwili vimekubali dhana hiyo. Cha tatu kimeikataa, na nimekichora daftarini.