Je, wajua kwa nini Afrika ilitangaza dharura ya mpox siku moja kabla ya Shirika la Afya Duniani?

Jumanne ya tarehe 13 Agosti 2024, Dkt. Jean Kaseya, mkurugenzi mkuu wa Africa CDC, alitangaza kuwa mlipuko wa mpox, ugonjwa ambao wengi tunauita homa ya nyani, ni dharura ya afya kwa bara zima. Africa CDC ni kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutumia mamlaka hayo. Kesho yake, mjini Geneva, Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo likatangaza dharura ya dunia nzima.

Kama WHO ilikuwa njiani kutangaza, Afrika ilikuwa na haraka gani?

Jibu linaanzia miaka miwili nyuma. Mpox imejulikana kwa binadamu tangu 1970, alipogunduliwa mtoto mchanga mwenye ugonjwa huo katika jimbo la Équateur, nchini Kongo. Kwa zaidi ya miaka hamsini ilisumbua vijiji vya misituni vya Afrika ya Kati na Magharibi bila dunia kushtuka. Mwaka 2022 ikaenea Ulaya na Marekani. WHO ikatangaza dharura mwezi Julai, chanjo zikapatikana, watu wa huko wakachanjwa, na Mei 2023 dharura ikafutwa. Nchini Kongo, ambako watoto waliendelea kufa, hakukuwa na kampeni yoyote ya chanjo. Dharura ilikwisha kwa waliokuwa na uwezo wa kuimaliza.

Miezi michache baadaye, Septemba 2023, ikaibuka aina mpya ya kirusi hicho huko Kamituga. Huu ni mji wa wachimba dhahabu katika Kivu Kusini, mji wa Wakongo wanaozungumza Kiswahili, wenye vijana waliotoka kila upande kutafuta riziki, baa nyingi, na biashara inayofika Bukavu na kuvuka mipaka. Kirusi hiki kilipita kirahisi kutoka mtu hadi mtu kwa kugusana kwa karibu, ikiwemo kujamiiana. Kufikia Julai 2024 kilikuwa kimefika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, nchi ambazo hazikuwahi kuripoti mpox hapo kabla. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alibainika kwenye kituo cha mpakani cha Taveta. Alikuwa msafiri aliyetoka Uganda kwenda Rwanda kwa kupitia Kenya.

Hebu itazame safari hiyo kwa jicho la wizara ya afya. Kila wizara inaona kipande kimoja tu cha njia. Nani amekaa naye kwenye basi, alilala wapi, aligusana na nani kabla ya kufika mpakani: majibu yako katika nchi ya jirani, na waziri hana amri ya kuyadai. Hapo ndipo jumuiya ya kikanda inapohitajika kuliko mahali pengine popote, na ndiyo maana sikubaliani na wanaoziona jumuiya hizi kuwa mikutano na posho tu.

Mamlaka ya kutangaza dharura ya bara, Africa CDC ilipewa na wakuu wa nchi mwaka 2022, walipoipandisha kuwa chombo chenye kujitegemea ndani ya Umoja wa Afrika. Korona ndiyo iliyowasukuma.

Mwanzoni mwa Februari 2020 ni maabara mbili tu barani, moja Afrika Kusini na nyingine Dakar, zilizoweza kupima korona. Africa CDC ikawaita wataalamu wa maabara Dakar, ikawafundisha, ikawarudisha kwao na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na ndani ya miezi michache karibu kila nchi ikawa inajipimia. Hilo lilikwenda vizuri. Chanjo ndiyo iliyotufundisha kwa uchungu.

Mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, COVAX, uliitegemea sana taasisi moja ya India, Serum Institute. Machi 2021, India ilipoelemewa na wagonjwa wake, chanjo zikazuiwa kusafirishwa kwenda nje ya nchi, na Afrika ikabaki mikono mitupu. Umoja wa Ulaya wakati huo ulikuwa unanunua kama mnunuzi mmoja: kwa Pfizer na BioNTech peke yao, mikataba yake ilifika zaidi ya dozi bilioni 2, pamoja na zile ulizokuwa na haki ya kuongeza ukitaka, kwa watu wapatao milioni 450. Uliweka pia sharti la kibali kwa chanjo zinazopelekwa nje ya Umoja huo, na Machi 2021 Italia ikazuia dozi 250,000 za AstraZeneca zilizokuwa zinakwenda Australia. Nguvu ya umoja, basi, inaweza kutumika kumfungia mwingine mlango, na tusilisahau hilo tunapoisifia.

Umoja wa Afrika ukaamua kununua wenyewe. Ukaunda kikosi cha ununuzi, AVAT, mfanyabiashara Strive Masiyiwa akapewa kazi ya kujadiliana na viwanda, na Afreximbank, benki ya Afrika ya kufadhili biashara ya nje, ikaweka dhamana ya dola bilioni 2. Machi 2021 mkataba ukasainiwa na Johnson & Johnson: dozi milioni 220, na nafasi ya kuongeza milioni 180. Chanjo zingejazwa kwenye vichupa katika kiwanda cha Aspen, Gqeberha, Afrika Kusini. Kisha Agosti ikajulikana kwamba vichupa vinavyotoka Gqeberha vilikuwa vinapelekwa Ulaya, wakati Waafrika waliokamilisha chanjo walikuwa wachache mno. Kelele zikapigwa, na baada ya mazungumzo na viongozi wa Ulaya mpango huo ukasitishwa. Nchi moja ingepiga kelele hizo, sidhani kama ingesikilizwa.

Huku kwetu Afrika Mashariki tuliona upande wa pili. Mei 2020 kila nchi ilipima madereva wa malori kwa utaratibu wake. Foleni za Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, zikawa ndefu kupindukia, dereva anapimwa upande huu na cheti chake hakitambuliwi upande wa pili. Kenya ikawarudisha madereva wa Tanzania waliokutwa na maambukizi, baadhi ya mikoa ya Tanzania nayo ikawakataa wa Kenya, mpaka mawaziri wakakutana kuyamaliza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imegawa maabara tisa zinazohamishika kwa wanachama wake, na baadaye ikaleta mfumo wa kielektroniki wa cheti kimoja cha dereva, chenye kudumu siku 14, kinachosomeka katika nchi zote zilizojiunga. Ulikuwa mfumo mzuri. Lakini Jumuiya haiwezi kumlazimisha mwanachama kutoa takwimu. Tanzania iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa mwaka 2020, ilipofikia 509, na Jumuiya haikuwa na la kufanya.

Turudi kwenye mpox. Kaseya alipotangaza, wagonjwa waliothibitishwa na wanaoshukiwa tangu mwaka uanze walikuwa wamepita 17,000, na vifo 517. Tangazo lilimpa nguvu ya kubisha hodi kwa wafadhili na watengenezaji kwa jina la bara zima, badala ya Kinshasa kuomba kivyake, Bujumbura kivyake. Tarehe 5 Septemba shehena ya kwanza, takriban dozi 99,000, ilitua Kinshasa, na 5 Oktoba chanjo zikaanza kutolewa Goma. Ukikumbuka kimya cha 2022, hiyo ni tofauti kubwa.

Hata hivyo dozi hizo zilikuwa za msaada kutoka Ulaya, zimetengenezwa na kampuni ya Denmark, Bavarian Nordic. Na sehemu ya ucheleweshaji ilikuwa ya kwetu: mamlaka ya dawa ya Kongo iliidhinisha chanjo za mpox Juni 2024, karibu miezi tisa baada ya Kamituga. Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao mkataba wake ulianza kutumika Novemba 2021 na makao yake yako Kigali, umeundwa kuzisaidia nchi katika kazi hiyo hiyo ya kupitia na kuidhinisha dawa.

Lengo la Umoja wa Afrika ni kwamba kufikia 2040 asilimia 60 ya chanjo zinazotumika barani zitengenezwe humu humu. Viwanda vinaweza kujengwa. Swali gumu ni nani atanunua. Aspen walipopata leseni ya kuuza chanjo ya korona kwa jina lao wenyewe, kufikia katikati ya 2022 hawakuwa wamepata oda hata moja. Mashine za Gqeberha zilikuwepo na mafundi walikuwepo. Kwa hiyo sasa Africa CDC na Afreximbank wanasuka mpango wa kununua dawa na chanjo kwa pamoja, ili kiwanda cha Afrika kijue kabla hakijawasha mitambo kwamba serikali za Afrika zitachukua mzigo.