Je, wajua: ada kubwa ndiyo inayolipatia jarida jina?

Mdogo wangu anasoma shahada ya uzamili, na utafiti wake ni wa mwani: kwa nini ule mnene, cottonii, unakufa Paje na Jambiani maji yanapozidi joto. Hajamaliza hata sura ya tatu, akapokea barua pepe ikimwita "Profesa Mtukufu" na kumwalika achapishe makala katika jarida la kisayansi. Siku tano tu, kwa ada ya dola 120. Tulikuwa barazani, akanipa simu nisome. "Kaka, lile jarida la Uingereza linataka mamilioni, hili dola mia na ishirini. Si ndiyo tofauti yao, pesa?"

Sivyo. Jina hutangulia, pesa hufuata.

Lile la Uingereza ni Nature. Mwaka 2020 lilitangaza kwamba kuanzia 2021, mwandishi anayetaka makala yake isomwe na kila mtu bure atalipa yuro 9,500, yaani zaidi ya shilingi milioni 20. Lakini jarida hilo limeanza 1869, na jina lake lilikua kwa zaidi ya karne moja bila ada hiyo. Waliolipa ni wasomaji na maktaba. Hata sasa, anayekubali makala yake isomwe na waliolipia usajili tu hadaiwi ada hiyo.

Mbona basi bei imepanda hivyo? Jarida lenye jina hupokea miswada mingi mno ya makala, na Nature hukubali chini ya mmoja katika kumi. Wahariri wake wameajiriwa, wanalipwa mshahara kusoma hata ile itakayorudishwa. Chukua miswada mia: ikipita minane, hiyo minane ndiyo inayobeba gharama ya kuisoma yote. Wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima makala kwa kina, kwa kawaida hawalipwi, na hili linaniuma. Halafu kuna jina lenyewe. Vyuo vingi hupandisha watu vyeo kwa kutazama wamechapisha wapi, na wachapishaji wanajua mwandishi atajikamua. Elsevier, mmoja wa wakubwa wao, hubaki na faida ya zaidi ya 30 katika kila 100 inayoingia.

Upande wa pili, wahenga walishasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jarida la kitapeli linaweza kutoza kidogo kwa sababu halimlipi mtu asome. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ya wazi, akaitia majina ya watafiti wa kubuni kutoka taasisi za kubuni za Afrika. Aliituma kwa majarida 304 yanayotoza ada. Majarida 157 yaliikubali, mengine ya wachapishaji wanaojulikana duniani.

Nilimwambia pia jambo ambalo watafiti wetu wengi hawaulizi: msamaha wa ada upo. Tangu 2023 majarida ya Nature huwasamehe waandishi wa nchi za kipato cha chini na cha chini-kati, Tanzania ikiwemo. Na kwa mwani hana haja ya kwenda mbali. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao yake hapahapa Zanzibar, inatoa Western Indian Ocean Journal of Marine Science, linalosomwa bure.

Akaifuta ile barua, akaanza kusoma masharti yao ya uandishi mpaka ikaadhiniwa magharibi.