Cat Stevens hakuacha muziki moja kwa moja

Kuna hii stori inazunguka kila mwaka, eti Cat Stevens, yule mwimbaji wa Uingereza, aliposilimu akatupa gitaa na hakuimba tena mpaka leo. Nusu yake kweli, nusu chumvi. Jamaa alisilimu Desemba 1977, mwaka uliofuata akajiita Yusuf Islam, lakini angalia, albamu ya Back to Earth imetoka 1978, yaani baada ya kusilimu, na Novemba 1979 bado alipanda jukwaani Wembley, ukumbi wa London, kwenye shoo ya UNICEF, ndo akatulia. Magitaa akayapiga mnada kweli, akafungua shule ya Kiislamu London 1983, akapiga kimya kirefu haswa. Ila 1995 akarudi na kazi ya dini kuhusu maisha ya Mtume, na 2006 akatoa albamu ya An Other Cup, gitaa tena na nyimbo kama za zamani, halafu zikafuata zingine tu, 2023 katoa King of a Land na akapiga Glastonbury, tamasha kubwa la muziki Uingereza, akiwa anakaribia miaka 75. Sasa mtu wa hivyo unasemaje kaacha? Alipumzika, tena sana, basi.