Kori nyingi kwa simu, zamaliza chaji?

Ukipita maduka ya simu Mwembe Tayari, Mombasa, utaskia simu ya kori nane (kori ni vitengo vya kufanya kazi ndani ya prosesa, yaani ubongo wa simu) ni kasi maradufu ya kori nne, wengine nao waamini kori nyingi zamaliza chaji. Sivyo hasa. Kwa simu nyingi za kori nane kuna ndogo za kazi nyepesi kama kusoma meseji, hizo hula chaji kidogo mno, halafu zile kubwa huamka ukicheza gemu, kazi ikiisha zalala tena, na hapo ndipo chaji yaokolewa. Kasi yategemea sana aina ya kori, iPhone mpya tangu 2017 zina sita tu na zashinda simu kibao za nane. Kabla hujanunua tafuta jina la prosesa ulinganishe alama za kori moja (matokeo ya majaribio ya kasi ya kori moja pekee), kisha fungua setingi za betri ujionee kinachokula chaji, mara nyingi ni skrini.