Siku za Ziada: Maadili ya Kuwaweka Kizuizini Wahamiaji katika Njia ya Kusini

Kiswahili kina maneno mawili ambayo watu wengi huyatumia bila kufikiri ni kazi kubwa kiasi gani yanafanya. Mfungwa ni mtu aliyehukumiwa na mahakama na ambaye sasa anatumikia adhabu yake. Mahabusu ni mtu anayezuiliwa kwa sababu kuna jambo halijakamilika, liwe ni upelelezi, kesi au utaratibu wa kumsafirisha. Tofauti hii inafahamika hata na mtu asiyewahi kufungua kitabu cha sheria, na aliyewahi kupeleka chakula rumande kwa ndugu yake anaifahamu zaidi. Makala haya yanahusu watu ambao tofauti hiyo huwapotea mikononi: wahamiaji wanaokamatwa bila vibali katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, hasa vijana wa Ethiopia wanaopita Kenya, Tanzania na Malawi wakielekea Afrika Kusini. Wengi wao huanza wakiwa mahabusu, hugeuka kuwa wafungwa, kisha kifungo kikiisha huwa kitu ambacho lugha yetu bado haijakipa jina, yaani mtu aliyemaliza adhabu lakini bado yuko ndani, akisubiri nauli na hati za kurudishwa kwao.

Ili kuelewa hali zao wakiwa kizuizini, ni lazima kwanza tujue wanafika pale wakiwa katika hali gani. Sehemu kubwa ya vijana hawa hutoka kusini mwa Ethiopia, katika maeneo ya Hadiya na Kambata, ambako familia huuza ng'ombe au kukopa ili kumlipia mmoja wao safari. Husafirishwa kwa malori, mara nyingi chini ya turubai au ndani ya kontena, na hulazwa porini kwa siku nyingi wakisubiri gari jingine. Mwezi Juni 2012, miili ya zaidi ya wahamiaji 40 wa Ethiopia ilikutwa imetupwa porini mkoani Dodoma baada ya watu hao kukosa hewa ndani ya lori. Mwezi Machi 2020, katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, maofisa walifungua kontena lililokuwa limepakiwa juu ya lori wakakuta maiti 64. Wanaokamatwa wakiwa hai wametoka katika malori ya namna hiyo hiyo. Hufika kituo cha polisi wakiwa wamekauka maji mwilini, wamekonda, wana upele, na miguu imevimba kwa kukaa wamejikunja.

Kwa hiyo swali la kwanza la kimaadili linaanzia kwenye mapokezi, kabla hata ya kugusa suala la selo. Mtu aliyeshinda na njaa kwa majuma kadhaa hapaswi kupewa sahani kubwa ya ugali mara moja, kwa kuwa mwili uliozoea kukosa chakula huweza kuvurugika chumvichumvi zake na moyo ukasimama. Anahitaji kuonwa na mganga, kupewa chakula kidogokidogo, na kuchunguzwa kifua kikuu kabla ya kuchanganywa na wengine katika chumba kisichopitisha hewa vizuri. Haya hayahitaji hospitali kubwa. Yanahitaji mganga mmoja anayefika siku ileile, mizani ya kupimia uzito, na mkuu wa kituo anayeamini kwamba jambo hilo ni sehemu ya kazi yake.

Mfano unaoonyesha wazi kinachotokea pale imani hiyo inapokosekana, au pale inapokuwepo lakini fedha hazipo, ni gereza la Maula mjini Lilongwe, Malawi. Mwaka 2015, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, ambalo lilikuwa likitoa tiba ndani ya gereza hilo, lilieleza kwamba mahali palipojengwa kwa ajili ya watu takriban 800 palikuwa na zaidi ya watu 2,600. Choo kimoja kilitumiwa na watu wapatao 120, na bomba moja la maji na watu wapatao 900. Miongoni mwa waliokuwa humo walikuwamo Waethiopia waliokamatwa njiani, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kumaliza vifungo vyao. Chakula kilitolewa mara moja kwa siku.

Hapa ipo tofauti ambayo mtu aliye nje huikosa kwa urahisi. Mlo mmoja kwa siku ni shida kwa kila aliyefungwa, lakini katika magereza mengi ya ukanda wetu mwenyeji ana mama au dada atakayekuja siku ya kutembelewa na unga, sabuni na sukari. Mgeni hana mtu. Anategemea kile anachopewa na serikali peke yake, na kisipotosha hana kwa kwenda. Gereza lilelile, sheria zilezile na chungu kilekile huzaa matokeo mawili tofauti, mmoja akakonda na mwingine akadhoofika hadi kuugua. Anayepima usawa kwa kusema kwamba wote wanapewa sawa amepima kijiko na kuusahau mwili unaolishwa.

Najua pingamizi linalotolewa kila mara mada hii inapozungumzwa, na halipaswi kupuuzwa: wananchi wetu wenyewe wanalala wamebanana magerezani, kwa nini mgeni aliyeingia bila ruhusa ahudumiwe vizuri kuliko wao? Jibu langu la kwanza ni kwamba hakuna anayedai apewe zaidi. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaagiza kwamba heshima ya mtu itunzwe katika shughuli zote ambapo mtu yuko chini ya ulinzi bila uhuru, na inapiga marufuku kutesa na kutoa adhabu zinazomtweza. Neno lililotumika pale ni mtu. Waandishi wa ibara hiyo wangeweza kuandika raia, kama walivyofanya katika ibara nyingine zinazohusu kupiga kura na kugombea uongozi, lakini hapa hawakufanya hivyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matunzo ya watu waliofungwa, zilizopewa jina la Nelson Mandela zilipopitishwa upya Desemba 2015, zinasema vivyo hivyo: maji ya kunywa yawepo kila mtu anapoyahitaji, chumba cha kulala kiwe na nafasi, mwanga na hewa, na tiba iwe ya kiwango kilekile wanachopata watu walio nje. Kanuni ya mwisho, ya 122, inawapa ulinzi huohuo watu waliozuiliwa bila kushtakiwa. Msongamano wa wenyeji ni hoja ya kupunguza msongamano, na haigeuki kuwa ruhusa ya kuongeza watu ambao hawakuhitaji kuwekwa pale.

Jibu la pili ni zito zaidi. Wapo wanaosema kimyakimya, na wengine kwa sauti, kwamba hali ngumu ni nzuri kwa sababu habari zitafika vijijini na vijana wengine wataogopa kuja. Hoja hii ina kasoro ya kimaadili isiyoweza kurekebishwa, kwa sababu inamtesa mtu mmoja ili kumpa ujumbe mtu mwingine. Hata mwizi aliyehukumiwa hupimiwa adhabu kulingana na kosa lake, na jaji hawezi kumnyima maji ili majirani zake wajifunze. Mhamiaji anayesubiri kurudishwa hana adhabu yoyote iliyobaki, hivyo kila taabu anayoipata zaidi ya kule kuzuiliwa kwenyewe inakosa mwenye kuihalalisha. Tena, kijana ambaye amepanda lori akijua kwamba wenzake walikufa kwa kukosa hewa hawezi kutishwa na habari za choo kichafu gerezani.

Hayo yote yanatupeleka kwenye muda, na kwa maoni yangu hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Tumezoea kuorodhesha hali za kizuizini kwa kutaja chakula, magodoro na vyoo, tukasahau kwamba muda nao ni hali. Selo iliyojaa inavumilika kwa siku mbili. Ileile, mtu akikaa mwaka mzima bila kuambiwa atatoka lini, humharibu akili. Mfungwa wa miaka mitano anahesabu siku zake zikipungua, lakini anayesubiri nauli isiyojulikana itatoka wapi hana cha kuhesabu.

Mwezi Januari 2021, Rais wa Ethiopia, Sahle-Work Zewde, alipomtembelea Rais John Magufuli huko Chato, ilitangazwa kwamba Waethiopia 1,789 waliokuwa magerezani Tanzania wangeachiwa warudi kwao. Lilikuwa jambo jema, na walionufaika wana kila sababu ya kulishukuru. Hata hivyo, ukubwa wa idadi hiyo unapaswa kutufikirisha, maana msamaha ni hisani inayokuja kiongozi anapotaka, na anayekamatwa mwezi unaofuata haupati. Watu 1,789 hawakukusanyika kwa siku moja. Walikusanyika kidogokidogo, lori kwa lori, na utaratibu wa kuwarudisha wenye tarehe na bajeti ungewapunguza vilevile kidogokidogo.

Afrika Kusini, ambako vijana hawa hutamani kufika, imepitia mjadala huu mahakamani kwa kina. Kituo cha Lindela, kilichofunguliwa mwaka 1996 huko Krugersdorp magharibi mwa Johannesburg, kimewashikilia Wamalawi, Wamsumbiji, Wazimbabwe, Wakongo na Watanzania pia. Sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo iliruhusu mtu azuiliwe siku 30, na mahakama ingeweza kuongeza siku 90, jumla 120. Mwaka 2014, katika kesi iliyofunguliwa na tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo, Mahakama Kuu ilisema kwamba kuwaweka watu pale kupita siku hizo ni kinyume cha sheria. Kisha tarehe 29 Juni 2017, Mahakama ya Katiba ilikwenda mbali zaidi ikakataa utaratibu wenyewe. Hadi wakati huo, muda uliweza kuongezwa kwa makaratasi, hakimu akisoma barua ya idara bila kumwona mtu. Mahakama iliagiza kwamba aliyezuiliwa kwa sababu za uhamiaji afikishwe mbele ya mahakama yeye mwenyewe ndani ya saa 48.

Naona hekima kubwa katika sharti hilo la kufikishwa mwenyewe. Karatasi haionyeshi jeraha, wala haionyeshi kwamba aliyeandikiwa umri wa miaka 24 ana uso wa mtoto. Suala la umri lina mtego wake kwa Waethiopia, na kila ofisa katika njia hii anapaswa kuujua. Wao huhesabu saa kuanzia mapambazuko kama tunavyohesabu sisi, lakini kalenda yao iko nyuma ya hii tunayoitumia kwa miaka saba au minane. Kijana aliyezaliwa Januari 2004 kwa hesabu yetu atasema amezaliwa 1996, na akikamatwa mwaka 2020 karani asiyejua hilo atamwandikia miaka 24 badala ya 16. Kwa kosa hilo moja la hesabu, mtoto analazwa na watu wazima. Mkataba wa Haki za Mtoto unataka mtoto azuiliwe pale tu ambapo hakuna njia nyingine, na mwaka 2017 kamati mbili za Umoja wa Mataifa, ya haki za mtoto na ya wafanyakazi wahamiaji, zilisema kwa pamoja kwamba hali ya uhamiaji peke yake haiwezi kamwe kuwa sababu ya kumfunga mtoto. Mkalimani anayejua Kihadiya au Kiamhari angelizuia kosa hilo kwa swali moja. Mara nyingi anayetafsiri ni mhamiaji mwenzake aliyeokota maneno machache ya Kiswahili njiani.

Mkalimani huyohuyo ndiye anayeweza kugundua kwamba mtu anakimbia vita au mateso. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, katika ibara ya 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali ikiwa amejitokeza bila kuchelewa na kueleza sababu zake. Kwa mtu wa namna hiyo, hata kuita ubalozi, ambako kwa wengine ni haki inayotambuliwa na mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, kunaweza kuwa hatari, kwa kuwa serikali anayoikimbia itajua alipo. Ndiyo maana ubalozi hupaswa kuarifiwa kwa ridhaa yake.

Niseme neno pia kuhusu jina tunalowaita. Magazeti na redio zetu hutumia wahamiaji haramu, na naelewa kwamba limekwisha kuzoeleka. Lakini haramu kwa Kiswahili ni neno la nguruwe, la riba, la mali ya wizi, na tuliwahi kulibandika kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa, tukawajeruhi watu wasio na hatia. Likitua juu ya mtu, linamfanya yeye mwenyewe kuwa najisi, wakati kilichokosekana ni karatasi. Askari anayelisikia kila siku hushawishika, bila kukusudia, kuona kwamba mateso ya mtu kama huyo hayana uzito. Wahamiaji wasio na vibali ni refu kidogo, ila linataja kosa bila kumtia doa mtu.

Marekebisho mengine yanahitaji fedha na makubaliano ya nchi kwa nchi, na yatachukua muda. Lipo moja ambalo gereza lolote linaweza kulianza kwa rula na kalamu. Katika daftari la wafungwa wa kigeni, kando ya tarehe ya kumaliza kifungo, iongezwe safu ya tarehe aliyotoka kweli, na safu ya tatu ya idadi ya siku kati ya hizo mbili. Ukurasa huo upelekwe kila mwezi kwa hakimu, kwa idara ya uhamiaji na kwa tume ya haki za binadamu, ukiwa na jina la ofisa anayeshughulikia safari ya kila mmoja. Mkuu wa gereza atakayeona safu ya tatu imefika siku 200 mbele ya jina la kijana wa miaka 16 atajua ampigie simu nani.