Je, wajua inavyopimwa kama mfumo wa forodha wa kidijitali umeharakisha utoaji wa mizigo bandarini?

Mwaka 2014 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kutumia mfumo wa forodha uitwao TANCIS badala ya ule wa awali, ASYCUDA, na mwaka huohuo Kenya ikazindua TradeNet, mfumo wa kuombea vibali vya bidhaa kwa njia ya kielektroniki. Ahadi ilikuwa moja: mzigo utoke haraka. Kujua kama ahadi hiyo imetimia si suala la kuhesabu siku tu, kwa sababu jibu hutegemea hesabu inaanzia wapi na kuishia wapi.

Afisa wa forodha huhesabu tangu wakala wa forodha alipowasilisha tamko, yaani maelezo rasmi ya mzigo, hadi mzigo uliporuhusiwa. Mwenye mzigo huhesabu tangu meli ilipotia nanga nje ya Dar es Salaam au Mombasa hadi lori lilipotoka getini. Kontena lilelile laweza kuwa na saa 6 kwa hesabu ya kwanza na siku 9 kwa ya pili, na wote wawili wakawa wakweli. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Forodha Duniani unataka safari nzima ikatwe vipande: kuwasili, kupakuliwa, tamko, malipo ya kodi, ukaguzi, ruhusa na kutoka. Hapo ndipo huonekana kwamba mfumo umefupisha kipande chake, ilhali kontena bado limelala bandarini kwa sababu mwagizaji hajapata fedha za kodi, au ameona uwanja wa bandari ni ghala nafuu kuliko la mjini.

Wastani nao hudanganya. Tuchukue makontena 10: tisa yametoka kwa siku 2 kila moja, na moja, lililozuiwa kwa ukaguzi, limekaa siku 42. Wastani ni siku 6, muda ambao hakuna kontena hata moja lililoutumia. Kwa hiyo mpimaji makini hutenganisha mizigo iliyopita njia ya kijani, yaani bila kukaguliwa, na ile iliyopelekwa njia nyekundu, yaani ya ukaguzi, kisha hutazama pia kontena la katikati ya orodha iliyopangwa kwa muda, kuanzia mfupi hadi mrefu.

Kulinganisha kabla na baada kuna mtego wake. Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, mpango wa nchi wanachama kushughulikia forodha ya mzigo kwa pamoja, ilianza 2014 hiyohiyo, na reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa 2017. Kuipa kompyuta sifa zote ni kuionea reli. Njia bora zaidi ni kulinganisha, katika bandari ileile na kipindi kilekile, bidhaa zinazohitaji vibali vilivyohamishiwa kwenye mfumo na zile zisizohitaji kibali chochote.

Kuna na jambo ambalo kila wakala wa forodha analijua: mfumo hurekodi muda wenyewe, lakini hurekodi kile kilichoufikia tu. Mtandao ukikatika asubuhi nzima, tamko halijaingia, na saa hizo za kusubiri mbele ya skrini hazionekani katika takwimu zake.